Kitambaa Juu ya Sanduku la Sola

Haya, kaeni. Wenye watoto wapakateni. Mchungaji ameshasoma Neno la leo, lile la kubebeana mizigo, na mimi bibi yenu kusoma sijui, kwa hiyo sitarudia. Nawaletea mfano tu, mwende nao nyumbani.

Nawasikia mnavyobishana hapo nje mkitoka ibadani. Tangu hizi sola ziingie kijijini hamna amani. Huyu anasema nunua lile sanduku jeupe la kisasa, kila kitu kimo humo humo: kinachopokea umeme wa juani, kinachojaza betri, kinachoutengeneza uwashe vitu vya nyumbani. Yule anasema hapana, nunua kimoja kimoja, kontrola ya kujaza betri mbali, inveta ya kutengeneza umeme mbali. Kipi cha kuaminika? Mnakaribia kushikana mashati. Basi sikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, mfugaji wa kuku. Ana mume, ana watoto, na mama mkwe wake wanakaa naye nyumba moja. Mama huyu alikuwa na mashine ya kutotoleshea vifaranga, inatumia sola. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wanamletea mayai ya kuku wao. Kila mmoja ameweka alama yake kwa mkaa: huyu msalaba, huyu kistari, huyu duara. Mayai sabini na mawili, ya wanawake kumi na mmoja. Mnajua yai la mwenzio lilivyo zito? Yai lako likivunjika unasema basi. La mwenzio likivunjika, hiyo ni habari ya miaka.

Mwanzoni sola yao ilikuwa ya vipande vipande. Waya ukutani zimening'inia kama utumbo wa mbuzi. Mume akachoka kuziangalia, akaenda mjini, akarudi na sanduku jeupe. Akamwita fundi, mzee mmoja wa maneno machache.

Fundi alipomaliza kulifunga ukutani, mume akajisifu: "Umeona, fundi? Ng'ombe mmoja, anatoa maziwa, analima, na usiku analinda nyumba!"

Fundi akasema, "Ni kweli. Na siku akiugua, hamna maziwa, hamna shamba, hamna mlinzi."

"Kwa hiyo baya?"

"Sijasema baya. Zuri tu. Vikiwa mbali mbali, kikifa kimoja unabadilisha kimoja. Hili likizima, limezima na nyumba nzima. Basi lilindeni. Hapa juu na pembeni pana matundu, na ndani pana feni. Msiweke kitu. Liacheni lipumue."

Mume akacheka. "Lipumue! Kwani lina mapafu?"

Fundi akabeba bisibisi zake akaenda. Vile vipande vya zamani mume akavisukuma chini ya kitanda. Alikuwa mtu asiyetupa hata kopo.

Sasa mama mkwe siku hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Akarudi baada ya wiki, akalikuta sanduku linang'aa ukutani, taa ya kijani inawaka. Akalipenda! Akasema kitu cha heshima namna hii hakikai uchi. Akachukua nyuzi, akafuma kitambaa. Cheupe, pembeni maua mekundu. Mnavijua vile vitambaa? Nani humu hana nyumbani kwake? Kochi tunalifunika, redio tunaifunika, televisheni tunaifunika kama bibi harusi. Akalifunika na sanduku, juu mpaka pembeni, akarudi nyuma akalitazama. "Sasa limekuwa la nyumbani," akasema.

Mkamwana, yule mama wa kuku, akaona. Aliyasikia maneno ya fundi kwa masikio yake. Lakini nawauliza nyie mlioolewa: ni nani hapa atanyoosha mkono aondoe kitambaa alichofuma mama mkwe wake kwa siku tisa? Inua mkono nikuone.

Mnaona? Hamna.

Akanyamaza. Mume naye akaona, akasema moyoni, hayo mambo ya wanawake. Kila mtu ana adabu zake, sanduku linaiva.

Ngoja kidogo niwaambie habari ya huyo mkamwana, maana nimemruka. Huyo ndiye aliyekuwa anachota maji. Ndiye anayegeuza mayai yale sabini na mawili, asubuhi, mchana na jioni. Ndiye mpishi, ndiye katibu wa kikundi, mtoto akiumwa ndiye wa kwenda naye zahanati, ukoo ukigombana ndiye wa kutumwa kupatanisha. Na mama mkwe alimpenda, si utani. Kila penye watu alisema, "Mkamwana wangu hachoki. Wengine wana wakwe, mimi nina trekta!" Watu wanapiga vigelegele. Siku moja mkamwana akasema, "Mama, leo mgongo unaniuma kweli." Mama mkwe akacheka kwa upendo, akampiga begani: "Nani, wewe? Wewe huchoki, mwanangu." Akaondoka. Mkamwana akainama akabeba ndoo.

Haya, turudi kwenye sanduku.

Mayai yana siku kumi na nane. Zimebaki tatu vifaranga vitoke. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, bati linalia. Sanduku likaanza, tii, tii, tii. Mama mkwe yuko barazani anachambua mchele. Akasema, "Mwanangu, sanduku lako leo linaimba!" Likaimba. Likaimba. Halafu, kimya. Taa ya kijani ikafa, mashine ya mayai ikafa, friji ikanyamaza. Kila kitu.

Mkamwana akakimbia ndani. Akagusa sanduku, akarudisha mkono, kama amegusa chungu jikoni. Akafungua mashine: mayai bado yana joto, lakini kwa muda gani? Akaona wanawake kumi na mmoja mbele ya macho yake, kila mmoja na alama yake ya mkaa. Akakaa sakafuni.

Jamani, hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwona amekaa.

Mama mkwe akaingia. "Inuka basi, ufanye kitu!"

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi peke yangu, mama."

Mama mkwe akasimama pale na ungo wake mkononi. Kisha akauweka chini. Akamwita mwanawe kwa sauti ya kumwita mtu motoni. "Wewe! Washa kuni, teleka maji!" Mume akasema, "Mimi?" "Kuna mwanamume mwingine hapa?" Wakajaza maji ya moto kwenye chupa za soda, wakazifunga kanga, wakazipanga katikati ya mayai. Zikipoa, zinatolewa, zinaingia nyingine. Mume anachochea, macho yamejaa moshi. Mama mkwe anapima joto kwa shavu lake, kama anavyompima mtoto mwenye homa. Watoto wanapokezana chupa. Wanawake wawili wa kikundi wakapita, wakaona, wakavua viatu wakaingia kazini, hata kuuliza mayai yao yako hai hawakuuliza. Na mkamwana? Amekaa kwenye kigoda, anaelekeza kwa kidole. Kumbe nyumba ile ilikuwa na mikono yote hiyo!

Jioni fundi waliyemwita akafika. Hakuuliza kitu. Akakiinua kile kitambaa kwa vidole viwili, akakitazama, akasema, "Kimefumwa vizuri sana."

Mama mkwe akasema, "Nimefuma mimi."

"Mama, hiki ndicho kilichoua sanduku."

Mume anatazama miguu yake. Mama mkwe akamgeukia mkamwana. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikifuma kwa mapenzi, mama. Ningekwambiaje?"

Hapo mimi nilitegemea mama mkwe awake. Mnawajua mama wakwe, na mimi ni mmojawapo. Hakuwaka. Alikaa chini karibu na kile kigoda, akawa anakunja kitambaa, anakunja, anakunja mpaka kikawa kidogo kama kiganja. Halafu akauliza polepole:

"Na wewe, mwanangu? Wewe nilikufunika na nini?"

Mkamwana akafikiri. Akasema, "Na lile neno, mama. Hachoki."

Fundi akavuta vile vipande vya chini ya kitanda, akaviunga, mashine ya mayai ikawaka usiku ule ule. Sanduku aliliondoa, akabadilisha kilichoungua, akalirudisha ukutani likiwa wazi. Akasema, "Sasa hili lifanye kazi za nyumba. Mayai yabaki na vile vya zamani. Kikizima kimoja, kingine kipo." Siku ya ishirini na moja vikatoka vifaranga hamsini na tisa. Havikuwa vyote, lakini kila mwanamke alipata vyake, na hakuna aliyelalamika, maana wote walikuwa wamesikia habari ya chupa. Na kile kitambaa, mama mkwe mwenyewe alikitandika ndani ya boksi, vifaranga vikakaushiwa humo.

Sasa, sisi.

Mnaniuliza sanduku moja la kila kitu ni la kuaminika? Ndiyo, mkilijulia. Fundi alishasema. Lakini mimi sikusimama hapa kwa ajili ya sanduku la ukutani. Nimekaa miaka mingi nikisikiliza magomvi ya nyumba zenu, na nawaambia, sijaona nyumba hata moja humu isiyo na sanduku lake. Yule mtu mmoja ambaye kila kitu kimo humo humo. Dada mkubwa anayesomesha wote. Baba asiyelia msibani ili wengine walie. Mkamwana ambaye ni trekta. Na sisi tunampenda! Ndiyo maana tunamfumia kitambaa: shujaa, nguzo, jembe, hachoki. Tunakipachika vizuri juu ya matundu yote, tunarudi nyuma tunatazama, tunasema amependeza. Akilia tii, tii, tunasema anaimba.

Leo mkifika nyumbani, kabla ya chakula, mtazameni mtu huyo. Msimsifu. Sifa anazo za kutosha. Mwambieni, kaa. Halafu mmoja achukue ndoo, na mwingine awashe kuni, hata kama moshi utamtoa machozi.

Na wewe uliyefunikwa, ambaye sasa hivi unatazama chini usinione, na wewe sema. Sema kabla ya saa nane mchana. Kitambaa kinainuliwa kwa vidole viwili tu.

Mungu atupe vidole hivyo. Haya, semeni amina, twende tukapike wote.