Bi Mwatumu na Mahindi Elfu Moja na Moja

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wazee wa wazee wetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Mtama ukafa, mahindi yakafa, hata mbegu ikaliwa. Mvua iliporejea, ndo, ndo, ndo, watu hawakuwa na cha kupanda.

Majirani wa ng'ambo ya mto wakawahurumia, wakaleta mahindi ya mbegu. Yakahesabiwa uwanjani: elfu moja na moja. Sasa yagawiwe vipi?

Jumbe Makungu, mkuu wa kijiji, akasema, "Sisi ni koo saba. Pangeni mafungu saba."

Pu, pu, pu, yakapangwa. Kila fungu mia moja arobaini na tatu. Halikubaki hata hindi moja.

"Mmeona?" akasema Jumbe. "Hesabu isiyobakisha ni ishara. Mungu ameridhia."

Watu wakaguna. Ukoo wa Jumbe ulikuwa na nyumba sita, ukoo wa wafinyanzi nyumba arobaini. Na Siwema, mjane aliyehamia kutoka mbali, hakuwa na ukoo kabisa. Lakini nani abishane na ishara? Siwema akawashika wanawe mikono, akageuka aende zake.

"Ngoja, mwanangu," Bi Mwatumu, bibi msusi wa mikeka, akamwambia Siwema. Hakuwa mtu wa kusema barazani. Akasimama hata hivyo.

"Jumbe, mitaa yetu ni kumi na moja. Niruhusu nipange mafungu kumi na moja."

"Yatabaki tu, bibi."

Pu, pu, pu. Kila fungu tisini na moja. Halikubaki hata hindi moja.

Jumbe akakuna ndevu. "Ishara mbili?"

"Si ishara, baba. Nimesuka ukili wa mikeka kwa kuhesabu tangu utotoni, naijua hesabu hii. Elfu moja na moja ukiigawa kwa saba, inakubali. Kwa kumi na moja, inakubali. Kwa kumi na tatu, inakubali. Inamkubalia huyu na yule, basi haiwezi kutuamulia. Tuamue wenyewe."

Kisha akamgeukia Jumbe.

"Mtaani kwako kuna nyumba ngapi, Jumbe?"

Jumbe akahesabu kwa vidole, polepole. "Kumi na tatu. Kila mtaa ni kumi na tatu."

"Basi tugawie fungu la mtaa wako."

Jumbe akainama mwenyewe. Saba hapa, saba pale, saba kule. Halikubaki hata hindi moja. Akainua kichwa. "Na Siwema je? Yeye hana ukoo."

"Anakaa mtaani kwako, baba. Umeshaihesabu nyumba yake."

Uwanja mzima ukacheka, na Jumbe akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akachukua mahindi saba, akampa Siwema kwa mikono miwili.

Mwaka ule kila shamba lilizaa. Na Bi Mwatumu anakumbukwa hadi leo kwa funzo hili: hesabu hugawa, lakini haki hutoka kwa watu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo njema ibebeni, yenye kasoro niachieni mimi.