Bolti ya Fundi Sichalwe

"Kwanza grisi, ndipo gundi." Mmeisikia leo kikaoni mkacheka, mkadhani ni maneno ya gereji tu. Basi sikilizeni. Methali hii ilianzia mikononi mwa fundi mmoja, nami nilikuwa pale pale.

Miaka hiyo hapa Laela tulikuwa na mashine moja tu ya kusaga, na msagaji nilikuwa mimi. Tundu moja la bolti ya kifuniko chake lililika meno. Bolti ikawa inazunguka bila kushika, kifuniko kinacheza, unga unamwagika. Mchonga vyuma alikuwa Sumbawanga, na mvua ilikuwa imekata barabara.

Fundi Sichalwe akasema atatengeneza meno mapya kwa gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili. Unaijaza tunduni, unaizungushia bolti humo humo, na gundi ikikauka inabaki na umbo la meno. Kazi aliijua, simnyimi haki yake. Alijua pia kwamba gundi haipendi mafuta, kwa hiyo akaosha tundu kwa petroli mpaka likang'aa. Kisha akaiosha na bolti.

"Fundi," nikamwambia, "bolti isipopakwa hata grisi kidogo, si itagandana na gundi? Kifuniko hiki nitakifunguaje?"

"Mama Tusekile, unataka ishike au isishike?"

Waliokuwa wakisubiri kusaga wakacheka. Nikamwachia ajaze gundi yake, na hadi leo kumwachia kule kunaniudhi.

Bolti ilishika kweli. Siku tisa tulisaga, na Sichalwe kila akipita alikipigapiga kifuniko kama mgongo wa ng'ombe wake. Siku ya kumi msumari uliingia pamoja na mahindi ukachana chekeche. Ikabidi tufungue. Spana ikagoma. Sichalwe akaiongezea bomba, akavuta kwa uzito wake wote, kichwa cha bolti kikakatika.

Kijiji kizima kikarudi kwenye vinu. Nilimkuta mke wa mwanangu, mzazi wa wiki mbili, ameshika mchi anatwanga. Nililia kwa hasira.

Wiki nzima Sichalwe aliitoboa bolti ile kwa drili ya mkono, kidogo kidogo, viganja vikimchubuka. Hakuna aliyemcheka. Ilipotoka yote, akaosha tundu, akachanganya gundi, kisha akasita. Akanisogezea bolti mpya na kopo la grisi mbele ya watu wote.

"Ipake wewe, mama. Mimi niliwaza kufunga tu."

Nikaipaka, utando mwembamba, naye akaizungushia kwenye gundi. Kesho yake akanipa spana.

"Fungua kwanza, ndipo usage."

Ikafunguka. Nikaikaza tena, ikashika.

Tangu hapo, mtu akianza kuapa kwamba hatakanyaga tena nyumbani kwa ndugu yake, tunamshika mkono kabla hajamaliza. Hasira ni yake, hatumnyang'anyi. Tunamuuliza tu: siku ya msiba utapita wapi? Kwanza grisi, ndipo gundi.