Fimbo ya Mninga ya Mama Lusambo

Sogeeni karibu, ila mwachiane nafasi ya kurusha mikono. Nawajua nyinyi, hadithi hii ikiisha hamtakaa kimya.

Mjini Mpanda walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mahona alikuwa fundi wa kuvalisha meza za pool vitambaa vipya, mji hadi mji. Ukimwonyesha kitambaa kilichochakaa, anakwambia wanaochezea pale ni watu wa namna gani. Bi Chiku, muuza mihogo, alikuwa na sikio. Zamani alicheza mwenyewe, mpaka mikono ikaanza kutetemeka, sasa hata akiwa amegeukia karai lake la mafuta, akisikia fimbo imegusa mpira husema, "Umezidisha." Na Wande, msusi wa nywele, alikuwa na mkono mtiifu. Ukimwambia punguza kidogo, anapunguza kidogo, si zaidi.

Alikuwapo pia Mama Lusambo, ambaye hakuwa na kipaji chochote ila kungoja.

Mwanawe Lusambo alikuwa bingwa wa zoezi ambalo watu wa hapo huliita kurudi nyumbani. Unaweka kizibo cha soda juu ya meza, upande wako. Unapiga mpira mweupe peke yake, uende ukagonge ukingo wa mbali, urudi, usimame kando ya kizibo. Ukikipita, umepotea. Ukiishia njiani, umepotea vilevile. Wenye haraka hulidharau zoezi hilo. Wao wanataka kutumbukiza mipira ya rangi wapigiwe makofi. Lakini mpira wa rangi ukishaingia shimoni umekuaga. Mweupe ndio unaobaki nao, na usipokutii, huna mchezo.

Baba yake, seremala, hakuyaelewa hayo. Siku moja akasema mbele ya watu kwamba pool ni mchezo wa wavivu. Watu wakacheka. Lusambo akakichukua kizibo chake, akakitia mfukoni.

"Sirudi hapa," akaapa, "mpaka atoke mtu wa Mpanda anishinde kurudi nyumbani!"

Hasira hasara. Nani angemshinda?

Baba alijuta. Akatafuta mbao nzuri ya mninga, akachonga fimbo ya pool, akaing'arisha, akamngoja mwanawe. Akafa akingoja. Mama akabaki na fimbo nyuma ya mlango. Kila akisonga ugali alisonga wa watu wawili, akala peke yake, na mwingine ukapoa. Alitamani mwanawe arudi, hata na kelele zake. Mwisho akatangaza: "Atakayenirudishia Lusambo, fimbo hii ni yake."

Mahona alikwenda Kahama kubadilisha kitambaa, akaona alama moja iliyolika upande wa mpigaji, mahali ambapo mpira hauna sababu ya kusimama kila mara. Akaipapasa. "Nani hufanya mazoezi hapa peke yake, na kizibo?" akauliza. "Yule tunamwita Mgeni," mwenye meza akajibu. "Haongei." Mahona akamngoja, akamtambua, akambembeleza, wapi! Akarudi na jibu: "Mama, yupo, mzima. Anasema kiapo ni kiapo."

Bi Chiku akamchukua Wande amfundishe kurudi nyumbani, ili akamshinde Lusambo. "Mwanangu, kwanza sahau mashimo," akamwambia. Akamwanzisha kwa nusu ya meza, kisha meza nzima, asubuhi kwa asubuhi, mpaka Wande akalia. "Unaupiga kwa nguvu mno! Utume, mwanangu. Mtu unayetaka arudi humfukuzi."

Wande akapanda basi hadi Kahama, na wenzake nyuma yake. Lusambo akatoa mfukoni kizibo kilekile, kimeshika kutu, akakiweka mezani. Wande akapiga kwa fimbo ya kuazima. Mweupe ukaenda, ukagonga, ukarudi taratibu, ukaegemea kizibo kama paka mlangoni. Lusambo akapiga. Wake ukaishia njiani, shibiri nzima kabla ya kizibo.

Akakiokota kizibo chake. "Haya," akasema. "Twendeni kwa mama."

Mama alimpapasa mabega, akampapasa uso, akalia bila kuona haya. Kisha akapakua. Siku hiyo ugali haukupoa.

Lakini ahadi ni deni, na watatu walikuwa wamekaa ukumbini.

"Bila macho yangu mngemfuata wapi?" akaanza Mahona.

"Na mngemfuata na nini?" akadakia Bi Chiku. "Huyu binti alikuwa anaubutua mpira!"

"Shikamoo zenu nyote," akasema Wande, "lakini pale mezani mlisimama kando. Mkono ulikuwa wangu."

Mama akaitoa fimbo nyuma ya mlango. Lusambo alipoiona aliacha kula, maana aliijua kazi ya baba yake.

"Aliichonga lini?"

"Ulipoondoka."

Lusambo akainamisha kichwa. Hapo Mahona akakohoa, na uso wake ulionyesha kwamba anachotaka kusema hakimfurahishi.

"Mama, nisiposema nitakosa usingizi. Kitambaa cha Kahama kilikuwa na alama moja tu. Huyu mwanao alikuwa hakosi kamwe."

Bi Chiku akafumba macho, kama anayesikiliza tena lile pigo. Wande akauangalia mkono wake.

"Lusambo," mama akauliza polepole, "kule Kahama ulishindwa, au ulitamani nyumbani?"

"Mkono uliteleza, mama," akajibu. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mninga.

Basi mama yuko pale mpaka sasa, kasimama na fimbo mkononi. Aliyemwona, aliyefundisha, aliyepiga, na huyu ambaye pengine alijirudisha mwenyewe. Naye ndiye aliyechongewa. Nyinyi mnaonisikiliza, hasa wewe ambaye chakula cha mtu wako kinapoa huko kwako: ungemkabidhi nani fimbo ile?