Makoleo Mawili ya Mwinyikondo

Alikuwapo tajiri, Mwinyikondo, aliyekizungushia kisima cha kijiji seng'enge. Akaapa: "Atakayeikata, mbuzi wake wote watachinjwa!" Mbuzi wa watu wakawa wanalia kiu.

Siku moja akamwendea Bi Sikujua, kikongwe mwenye busara aliyeketi kando ya kisima, na makoleo mawili ya kukunja, kubwa na dogo, yenye visu na bisibisi tumboni.

"We bibi, lipi nitembee nalo?"

"Mwanangu, koleo halisifiwi kwa kung'aa. Lijaribu kwenye waya mgumu."

"Mgumu kuliko seng'enge yangu hakuna!"

"Mh! Hiyo haikatiki."

Kacha! Akaikata.

"Umebahatisha. Na hilo dogo?"

Kacha! Kacha! Akakata mpaka mbuzi wakapita, wakanywa.

"Haya, lipi?"

"Lenye kisu kikali, baba. Mkata seng'enge ni wewe. Tuanze na mbuzi wako yupi?"