Dole Gumba la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mgonjwa, pakawa mali, pakawa waliaji wa jicho moja, la pili liko kabatini.

Hapo kale Mzee Ngiri aliugua, akawa wa kulala tu. Alikuwa na mke, watoto wanne, shimo zuri la kukaa na shamba la viazi. Alikuwa pia na Fisi, ndugu yake wa kuchanjiana. Ndugu gani huyo! Wakati wa kulima haonekani. Mzee alipolala kitandani, lo, Fisi akawa kama kahamia.

Kutwa yuko sikioni. "Ndugu yangu, mkeo ataolewa. Humu shimoni atalala dume jingine. Niandikie mimi urithi, nitawalea wanao."

Siku ya kwanza Mzee akakataa. Ya pili akasema atafikiri. Ya tatu akasema, "Haya, mwiteni wakili."

Bi Ngiri akasikia. Aende wapi na watoto wanne, na masika ndiyo hayo yanaingia? Lakini hakulia. Alikuwa mwanamke wa kumeza mate kwanza, kusema baadaye.

Wakili Nungunungu akaja. Akajichomoa mwiba mgongoni, akauchovya wino, akaandika: shimo na shamba, vyote vya Fisi. "Sasa nataka mashahidi wawili."

Bi Ngiri akawahi. "Kobe na Kanga wapo nje. Shemeji, wewe usitie dole."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kwa nini nisitie?"

"Waachie majirani, shemeji."

"Ahaa! Mnataka kunichezea shere!"

"Shemeji, nakupigia magoti, usitie."

Fisi akalichovya dole gumba lote, akaligandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kobe akatia la pili. Wakili akalitazama dole, akamtazama Fisi, akafunga mkoba. Wakili, ndugu zanguni, hasemi asichoulizwa. Ndicho walichosomea!

Mzee akafa. Arobaini ikapita. Fisi akaja na kitanda chake kichwani. Wakili akasoma: "Vyote vya Fisi."

Fisi akacheka, kicheko chake mnakijua.

"Ila," wakili akasema, "kwa sheria ya mwitu, aliyeshuhudia wosia harithi kitu, yeye wala wanawe. Mali ni ya mjane na watoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Fisi akamgeukia Bi Ngiri. "Umenitega!"

"Nimekutega? Nilikukataza mara tatu, shemeji, tena kwa magoti."

Tamaa mbele, mauti nyuma! Fisi akajitwika kitanda, huyoo.

Wakili akatabasamu. "Bi Ngiri, sheria hii umeisomea wapi?"

"Sikusoma. Mume wangu wa kwanza aliniachia kila kitu, na shahidi nikawa mimi. Nikafukuzwa na mtoto mgongoni. Aliyeandika wosia ule ni wewe, bwana wakili. Hunikumbuki."

Nungunungu akakumbatia mkoba. Akautafuta mlango kinyumenyume.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.