Kibuyu Kilichopanda Vyeo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kituo cha polisi, ukutani "dhamana ni bure", mezani mifupa.

Haya, sogeeni. Anayebisha abishe huku amekaa. Mimi nilikuwepo, juu ya paa, nimevaa kofia ya ngozi ya mbu.

Mkoa ule Kamanda alikuwa Kiboko. Tumbo lake lilifika kazini saa moja, mwenyewe akafika saa tatu. Chini yake Sajini Ngiri, chini ya Ngiri Konstebo Mbweha. Na wale jamaa walikuwa na utaratibu, nawavulia kofia. Kitu kikiingia kwa Mbweha, kinapanda kwa Ngiri. Kikifika kwa Ngiri, kinapanda kwa Kiboko. Na haangalii mtu. Macho juu, mkono nyuma. Ukiwauliza, wanaapa kwa mama zao kwamba hawajaona kitu.

Basi wakamkamata mume wa Bi Kindi. Kosa lake, karuka tawi bila kuonyesha ishara. Kesho apelekwe kwa Hakimu Chatu, na hukumu ya Chatu ni moja tu, kumeza.

Bi Kindi akaja mbio, tiki-tiki-tiki, kumwekea mumewe dhamana.

"Dhamana ni bure, mama," Mbweha akamwambia. "Ila kalamu ina kiu."

"Inakunywa asali, afande?"

"Inakunywa sana."

Bi Kindi akajaza kibuyu asali. Nje akakipaka ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Ulimbo gani! Tone lake moja liliwahi kusimamisha treni.

Akarudi nacho, viganja vyake kavipaka mafuta visinase. Mbweha macho juu, mkono nyuma. Nda! Ngiri macho juu, mkono nyuma. Nda! Kiboko akaona mgao unachelewa, akajua vijana wanamzunguka. Akakikumbatia kibuyu kwa mikono yote miwili na kidevu. Ndaaa!

Mbweha na Ngiri wakajaribu kujibandua kwa mkono wa pili. Nda, nda. Kila mmoja akamwamuru mwenzake aachie. Wakavutana mpaka kituo kikahamia wilaya ya jirani.

"Poleni," Bi Kindi akasema. "Ngoja nikamwite Mkaguzi Tembo awasaidie."

"Mama, mama, njoo," Kiboko akambembeleza. "Mzee wa watu tusimsumbue. Hakuna dawa?"

"Mafuta ya nyonyo ninayo. Nipe mume wangu, nakuwekea hapo mezani."

"Ufunguo huo shingoni. Chukua."

Akafungua mahabusu, kacha! Mume huyo, na mahabusu wote nyuma yake. Bi Kindi hakuwa mwongo. Chupa ya mafuta akaiweka mezani, na kizibo chake. Mkono wa kuizibua ndio ukakosekana.

Funzo, watoto wangu: rushwa ni mbaya sana, hasa ukipokea bila kuangalia.

Hadithi yangu naibandulia hapa. Ikikuganda mkononi, shauri yako.