Mkanda Uliokuwa Ukilia

Mtu mmoja alikuwa na gari kuukuu, pikapu ya kuteremshia ndizi kutoka milimani, na gari hilo likaanza kulia. Mtu huyo jina lake Senkondo, mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu. Kila alipoliwasha, chini ya boneti ulitoka mlio mkali kama wa nguruwe aliyeshikwa mguu, hata watu wa sokoni wakamtania: "Mzee, umemfungia nani humo?" Senkondo akaupaka mkanda wa feni sabuni ya kufulia. Ukanyamaza mpaka sabuni ilipokwisha. Akanunua mkanda mpya, nao ukalia. Akasema mikanda ya siku hizi haina kitu.

Nyumbani kwake nako kulikuwa na kilio. Mwanawe wa pekee, Eliudi, alikuwa ameoa bila kumwuliza, na Senkondo akaapa jina hilo lisitajwe tena chini ya paa lake. Akaacha hata kumwita mkewe Mama Eliudi. Akawa "wewe" tu. Kila jioni mama yule alimsihi amwite kijana nyumbani. Senkondo akamnunulia kitenge. Mama akanyamaza siku ile ya kitenge, kesho yake akaanza tena. Basi Senkondo akajiona ni mtu aliyepewa mke mlalamishi, akamwombea.

Asubuhi moja mke akafunga mzigo wake, akataka apelekwe kwa kaka yake, na kurudi harudi. Senkondo hakumbembeleza. Akawasha gari. Kwenye mlima mkanda ukapiga kelele, rejeta ikachemka, wakasimama kando ya njia. Senkondo akachomoa mkanda mwingine mpya chini ya kiti.

Mkewe akamtazama. "Huo sasa wa tatu, Baba Eliudi. Na sisi wake je, utabadilisha wangapi?"

Senkondo akafungua boneti. Injini ilipopoa akaufungua mkanda wa zamani, lakini ule mpya hakuuvalisha. Kwa mara ya kwanza akazishika kwa mkono puli zote, vile vigurudumu ambavyo mkanda huvizungusha. Ya feni ikazunguka. Ya pampu ya maji ikazunguka. Ya jenereta nayo ikazunguka. Akafika kwenye ile ndogo iliyojificha nyuma, ya kukazia mkanda. Haikusogea. Beringi yake ilikuwa imekauka grisi, na mkanda ulikuwa ukiburuzwa juu yake huku ukiungua. Kosa halikuwa la mkanda. Ulilia kwa sababu kulikuwa na mmoja aliyekataa kuzunguka.

Akageuka akamtazama mkewe na mzigo wake. Kisha akaitia oili, akaisukuma mbele na nyuma mpaka ikaachia, akaurudisha mkanda uleule uliokuwa ukilia. Gari likawaka kwa utulivu. Walipofika njia panda, kulia ni kwa shemeji yake na kushoto ni mjini anakoishi kijana, akakata kushoto.

"Mama Eliudi," akasema. "Nielekeze. Nyumba ya mwanetu siijui."

Nawe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja tu: leo ukimkuta mtu analia nyumbani mwako, usianze na yeye, anza kujikagua wewe.